Mawe Matatu ya Kisiwa cha Rachar

Nilifukua kaburi la mama yangu kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka wa 1971, jua la saa tano, kwenye kisiwa kisichokuwa na mtu hata mmoja. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mkuyu, mbele ya mawe matatu.

Nikaingiza vidole kwenye udongo. Nikatoa mfupa.

Mdogo… mweupe… mwembamba kama sindano.

Nikaingiza mkono tena. Mwingine. Na mwingine. Na udongo wenyewe ulikuwa mweusi, laini kama unga, unanuka moshi.

Nyuma yangu mzee wa boti alianza kucheka. Kisha akaniona uso, akaacha.

"Mama," akasema, "hiyo ni mifupa ya samaki. Nani amekuambia hapa amezikwa mtu?"

Nikautazama tena ule mfupa kiganjani…

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, ngojeni kidogo nivute kiti. Haya mambo nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kuyaandika. Simu hii nilinunuliwa juzi tu, na vidole vyangu vilizoea jembe, kwa hivyo mkiona herufi imeruka, irukeni na nyinyi.

Kwanza, kitendawili.

Semeni tega, hata wewe uliye ofisini na bosi anakuangalia.

Ni kitu changu, nilipewa bure nikiwa sijui hata kulia vizuri. Lakini mimi mwenyewe sikitumii. Wanaokitumia ni wengine, kutwa nzima.

Anayejua asiandike bado kwenye komenti. Tutafika.

Kitendawili hicho alinitegea mama yangu jioni ya mwisho tuliyokaa pamoja, mwaka wa 1955. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikajibu kivuli, akasema hapana. Nikajibu kiatu, na sisi hata viatu hatukuwa navyo. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Akaniambia nifikirie vizuri, jibu atanipa akirudi.

Asubuhi akajitwika mkungu wa ndizi, akashuka ziwani kuuza kama alivyozoea. Mwaka huo baba alikuwa ameoa mke wa pili. Mama alikuwa amezaa mimi peke yangu, na mimi ni msichana. Yaliyobaki mnaweza kuyajaza wenyewe.

Hakurudi.

Alituma neno mara moja tu, kwa wanawake wanaouza vyungu. Kwamba yuko kisiwa kinaitwa Rachar, anakausha samaki, na akipata nyumba ya maana atanifuata. Baba alisikia. Alichukua jembe akaenda shambani. Mwaka uliofuata nikatolewa shule, darasa la nne, ili nipike.

Halafu ikaja ile mvua ya mwaka wa sitini na moja. Wazee wenzangu mnaikumbuka. Mvua ilisahau namna ya kuacha. Ziwa likapanda, likameza mashamba na njia, na habari zikafika mpaka kwetu Ikonge kwamba visiwa vya chini chini vimebaki bila watu.

Baba akamtuma mdogo wake, baba mdogo Ogari, ashuke akaulize.

Alikaa siku nne. Aliporudi alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Ameenda," akasema. "Nimevuka mpaka huko. Kaburi nimeliona kwa macho yangu. Liko chini ya mkuyu, na mawe matatu kichwani."

Alilia. Nataka mlikumbuke hilo mbele ya safari. Alilia machozi ya kweli.

Nikanyolewa nywele. Nikawa mtoto wa mtu aliyezikwa ng'ambo ya maji, na watu ambao hata lugha yake hawakuijua.

Mwaka wa sitini na tatu nikaolewa na Onsongo. Mwaka uliofuata nikazaa binti. Sisi Abagusii, yaani Wakisii, mtoto tunampa jina la mtu wa ukoo aliyefariki. Na kwetu nyumbani, mtu akiwa bado anapumua, jina lake haliguswi.

Nikamwita Nyanchera.

Jina la mama yangu.

Sasa niwaambie siri. Heshima yetu haikuruhusu mtoto kumwita mzazi wake kwa jina. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kulitamka jina hilo. Ghafla nikawa naliita kutwa. Nyanchera njoo ule. Nyanchera acha kuku. Nyanchera umeweka wapi mwiko wangu. Majirani walisikia mama anaita mtoto. Hawakujua kwamba nusu ya sauti ile ilikuwa inamtafuta mtu mwingine.

Mtoto alipofika miaka saba, akaniuliza yule Nyanchera mwingine amelala wapi. Nikamwambia mbali, kisiwani.

"Wewe umefika?" akaniuliza.

Sikuwa nimefika.

Nilikaa na hilo swali wiki nzima. Kisha nikaamua. Sikutaka makubwa. Safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Nivuke, nisimame kwenye kaburi, nichote udongo kidogo, nikauzike upande wa kushoto wa nyumba yangu, mahali anapozikwa mwanamke kwetu. Mama arudi nyumbani, hata kama ni mkebe mmoja tu.

Tulikuwa na egesangio yetu, kikundi cha wanawake cha kulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Nikawaeleza siku tuliyokuwa tunapalilia pareto ya Drusilla. Drusilla tuliolewa mwaka mmoja, tukazaa mwaka mmoja. Akaangusha jembe akasema haniachi niende peke yangu. Kemuma, wifi yangu, akasema hata yeye anakuja, maana anataka kuona maji yasiyo na ng'ambo kabla hajafa. Wote wakacheka.

Na baba mdogo Ogari, kwa kuwa ndiye aliyefika, nikamwomba atuongoze. Alisugua ugoro kiganjani kwa muda mrefu. Akasema tutaona.

Nilichukua daftari la mtoto, nikalamba penseli, nikaandika safari yote. Mpaka leo naikumbuka kwa moyo. Jumapili, sababu Jumamosi ni Sabato na siku nyingine ni za soko au za kuchuma majani chai. Saa kumi alfajiri tutoke. Saa tatu tufike ziwani. Saa tano kisiwani. Saa saba tuondoke kisiwani kabla upepo haujaamka. Saa kumi basi la mwisho.

Chini yake nikaandika watu wanne, na mbele ya kila jina mzigo wake. Drusilla, chupa ya chai. Kemuma, mwavuli. Baba mdogo, njia. Mimi, viazi vitamu, ndizi mbivu, kisu, na mkebe wa majani chai wenye mfuniko.

Onsongo alisoma daftari mpaka mwisho. Akasema yeye atabaki na mtoto, ila nirudi siku hiyo hiyo.

"Sisi ni watu wa milima," akaniambia. "Mtu wa milima akilala ziwani, wanaomngoja hawalali."

Basi… majina yakaanza kuanguka.

Wiki moja kabla, Kemuma akaja na uso mrefu. Ameota ndoto mbaya ya maji. Nikamfuta kwa penseli.

Siku tatu kabla, baba mdogo akatuma mtu kusema mguu unamsumbua. Jana yake nilikuwa nimemwona akikimbiza ng'ombe. Nikamfuta.

Nilibaki na Drusilla. Ijumaa aliniapia, mkono juu ya kifua, kwamba chai itakuwa tayari.

Jumapili alfajiri nikafika kwake. Nikaita.  Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa la jiko, na harufu ya chai ilinifikia pale nje. Nikasikia mtoto akiuliza ni nani huyo. Nikasikia akinyamazishwa.

Nikaita mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi.

Mlango haukufunguka.

Wajukuu zangu, kukaa peke yako nyumbani si kitu. Lakini kusimama nje ya mlango wa rafiki yako, unamsikia anapumua ndani… hapo ndipo nilijua peke yangu ni nini. Nililifunga daftari ndani ya leso nikaondoka. Hata jina lake sikulifuta. Nilikosa nguvu ya kulamba penseli.

Ziwa nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa sina wa kumwonyesha.

Kwenye mwalo, pale boti zinapofikia, wavuvi waliniangalia tu. Mwanamke mmoja, kutoka milimani, anataka Rachar. Huko hakuna watu tangu maji yapande, wakaniambia, huko kuna ndege peke yao. Ni mzee mmoja aliyekubali. Nilimwambia naenda kuona kaburi. Hakuuliza la nani, na mimi sikusema.

Alipiga kasia kwa muda wa saa mbili. Mimi nilishika ubao wa boti kwa mikono yote, nikaimba nyimbo za kanisa, zote nilizojua, na zilipoisha nikaanza upya.

Rachar kwa lugha ya watu wa ziwani ni rangi nyeupe ya ng'ombe. Na kweli kisiwa kilikuwa cheupe kwa mavi ya ndege. Maji yalikuwa yameshuka kidogo tangu ile mvua, lakini watu hawakurudi. Nilipita mahali palipokuwa na nyumba, sasa ni nyasi mpaka kiunoni. Chungu kimevunjika. Mpapai umejiotea. Na kichaka cha migomba, migomba ya aina ya kwetu kabisa, imesimama pale peke yake kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Nikaishika. Nikasema, mama, nimefika.

Halafu nikaona mawe matatu.

Nikaona mengine matatu. Mbele kidogo, mengine. Kila nilipogeuka, mawe matatu, mawe matatu, ndani ya nyasi.

Nikasema Mungu wangu, kumbe walikwisha wote.

Mkuyu ulikuwa mmoja tu. Chini yake mawe matatu, kama baba mdogo alivyosema. Nikapiga magoti, nikalia kilio nilichokibeba miaka tisa, kisha nikaanza kuchimba.

Hapo ndipo mlinikuta mwanzoni.

"Hayo ni mafiga, mama," mzee wa boti akaniambia. "Watu walibeba vyungu, mawe wakaacha. Hapa ndipo Nyar Kisii alikuwa anakausha samaki."

Mimi mwanamke wa jikoni. Nimepika juu ya mafiga tangu nikiwa na miaka kumi. Na nilipiga magoti mbele ya mafiga nikayaombea! Ukishaambiwa ni kaburi, macho yako yataona kaburi.

Nikamuuliza Nyar Kisii ndiye nani. Akasema ni binti wa Kisii, mwanamke wa kwetu, aliyewaletea ndizi. Alikuwa akiwategea vitendawili mpaka wanasahau nyavu.

Nikasimama, udongo ukinidondoka vidoleni.

"Alikufa lini?"

Mzee alinitazama kama anayepima kina cha maji.

"Alhamisi alikuwa hajafa," akasema. "Ameniuzia omena."

Kurudi ng'ambo sikuimba. Sikushika ubao. Hata kama boti ingezama nadhani ningetembea.

Nyumba aliyonionyesha mzee ilikuwa nyuma ya mwalo, mwendo wa dakika chache. Asubuhi nilikuwa nimepita hapo na viazi vyangu kichwani, nikienda kumtafuta kaburini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba. Mbele, wavu umetandazwa chini, na mwanamke mwenye mvi ameinama anageuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Alinyanyua kichwa. Akaniangalia kuanzia miguuni, polepole, mpaka usoni.

Hakupiga kelele. Hakunikimbilia.

"Bochaberi," akasema. "Jibu ulilipata?"

Miaka kumi na sita, wajukuu zangu. Na swali lilikuwa bado liko pale pale tulipoliacha, kati ya mahindi.

"Nililipata nikiwa darasa la nne," nikamwambia. "Ni jina."

"Ndiyo. Ni jina." Akapangusa mikono kwenye leso. "Na hilo ndilo lililonifungia njia."

Sikuelewa. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa maji, na ndipo akaeleza.

Maji yalipopanda walivuka na boti, na walichobeba ni vichwa vyao. Aliugua, akapona, akaanza upya na chungu kimoja. Ilimchukua miaka minne kupata nyumba ya kuniitia. Mwaka wa sitini na sita akavaa leso mpya, akafunga samaki wakubwa wawili kwa ajili yangu, akapanda mpaka Ikonge. Ilikuwa siku ya soko. Alisimama nyuma ya wauza vyungu, akaniona. Nimekua. Nimekaa na ndizi, zimebaki chane mbili.

"Nilifungua mdomo nikuite," mama akasema. "Wewe ukaniwahi. Ulisema, Nyanchera, toka kwenye matope, Nyanchera. Mara mbili. Nikataka kuitika…"

 Akageuza omena ambazo zilikuwa zimeshageuzwa.

"Halafu nikaona katoto kanatoka kwenye matope. Nikajua nimeshazikwa."

Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini karibu naye.

Nikamweleza kila kitu, baba mdogo, siku nne, kaburi, nywele nilizonyolewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ogari? Ogari gani aliyevuka ziwa? Yule anayeita watu mto ukimfika magotini?"

Hapo ndipo niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Kwetu watu wazima wengi hawakujua kuogelea. Ogari yeye hata mvua kubwa alikuwa akiiogopa. Na sote tuliamini alivuka, kwa sababu alilia.

"Ungenishika tu mkono pale sokoni," nikamwambia. "Ungesema uko hai, mama."

"Na mtoto?" Sauti yake sasa haikuwa na kicheko. "Wawili wakigombania jina, anayeumia ni mdogo. Bibi yangu aliniambia hivyo, nikaamini. Ningefanya nini, Bochaberi? Nikunyang'anye mtoto ili nikupe mama?"

Niliinama nami nikaanza kugeuza omena. 

"Watu wanakuitaje sasa?" akaniuliza.

"Mama Nyanchera."

"Unaona?" Akanigusa shavu kwa vidole vyenye magamba ya samaki. "Umekuwa mama yangu."

Nilimwomba turudi wote siku ile ile. Alikataa. Nilimwomba aje Desemba. Alikataa. Alichotaka ni habari za mtoto. Ana meno mangapi. Analala upande gani. Halafu akauliza kitu ambacho sikutarajia.

"Akiitwa, anaitika upesi?"

"Upesi sana."

"Vizuri. Mimi nilikuwa naitika polepole. Mama yangu alinichapa sana kwa hilo."

Jua likasogea. Nilipofungua leso kutoa viazi, mkebe ukaanguka. Akauokota, akafungua mfuniko, akaunusa, akauliza ni wa nini. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia ukweli, ni wa udongo wake.

Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kisha akaujaza omena, akashindilia kwa kidole gumba, akafunika.

"Udongo wangu bado unatembea," akasema. "Na umwambie Ogari, siku yangu ikifika nitalala pale pale aliposema. Chini ya mkuyu, mawe matatu. Nisimwache awe mwongo mpaka mbinguni."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifukuza niwahi basi. Mume wangu atasema nimezama, akasema.

Nilipanda kilima kidogo kuelekea barabarani. Juu kabisa nikageuka. Alikuwa bado amesimama kando ya wavu, mdogo kama kijiti.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kama ninavyoita mtoto kutoka shamba la chini.

"Nyanchera!"

Kimya… Upepo… Ndege wakaruka kwenye mwalo. Nikajua nimemkosea heshima, na sitasamehewa.

Halafu, polepole, kutoka kule chini:

"Eee!"

Nilifika nyumbani giza limeshaingia. Onsongo alikuwa njiani na taa. Ndani alikuwa amekaa baba mdogo Ogari, na mguu wake haukuwa na shida yoyote.

Nikaweka mkebe mbele yake.

"Baba mdogo, udongo wa kaburi ni huu."

Akafungua. Harufu ikajaa nyumba. 

"Sikuvuka," akasema.

Alifika ziwani, maji yakiwa yamepanda mpaka kwenye miti. Watu wakamwambia Rachar imekwisha. Akaweka mguu mmoja kwenye boti, akautoa. Siku tatu, kila asubuhi, akiweka mguu na kuutoa. Alimpenda shemeji yake na aliamini amekufa, ila aliona aibu kumwambia kaka yake kwamba mwanamume mzima ameshindwa na maji. Kaburi alilitunga njiani akirudi.

"Nilikuona utakosa hata mahali pa kulilia," akaniambia. "Nikakupa mahali."

Na ndiye aliyekuwa amepita kwa Kemuma na kwa Drusilla, akiwaambia kwamba lile ziwa linachukua wanawake wa Kisii.

Niliwasamehe. Drusilla alikuja kesho yake na chupa ya chai, tukainywa yote.

Kuanzia hapo nilishuka ziwani kila likizo, na mtoto. Wale wawili waliitana "wewe" na "wewe", wakacheka peke yao kama wana siri. Lakini mama hakupanda milima tena. Mwaka wa 1974, baada ya mvua za masika, mzee wa boti akatuma neno.

Safari hiyo sikuandika kwenye daftari. Walikuja wote. Baba mdogo Ogari aliingia kwenye boti amefumba macho, ameshika upindo wa leso yangu kama mtoto wa chekechea, na hakufumbua mpaka tulipogusa Rachar. Tulimlaza mama chini ya mkuyu. Mawe matatu aliyaokota yeye mwenyewe, na hakukubali kusaidiwa.

Nikachota udongo. Mkebe ule ule. Binti yangu, miaka kumi, aliupakata njia nzima, na tukauzika upande wa kushoto wa nyumba. Siku hiyo nilimwita aje ale, na kwa mara ya kwanza jina lilikuwa lake kweli.

Sasa somo, maana najua mnalisubiri. Ukiletewa habari ya mtu wako, kwamba amekufa, au amekusahau, au amekuwa mbaya… usinyoe nywele bado. Hata aliyeleta habari akilia. Vuka maji mwenyewe. Na wewe uliye mbali, unayesimama nyuma ya wauza vyungu ukisema huko nyumbani wameshanizika, tafadhali, piga hatua moja zaidi. Ita.

Onsongo alishaenda. Nakaa peke yangu hapa Ikonge, na kuku wawili. Nyanchera yuko nchi za watu, naye sasa ni bibi. Ananipigia kila Jumamosi baada ya kanisa. Simu ikilia tu, natoka uwanjani, namwita kwa jina, mara mbili, na majirani wanasema nimezeeka vibaya.

Mara ya kwanza anaitika upesi.

Ya pili ninaposema, naondoa simu sikioni. Nasimama kidogo, nangoja… maana yule mwingine alikuwa anaitika polepole.